Taa, koala na mtoto wa miezi saba

Juma hili ilikuwa zamu yetu kuandika juu ya karo na madaftari, lakini hayo yatangoja. Wamama wengi waliokuwa mkutanoni siku ya Alhamisi wametuomba tuandike kisa cha mtoto wa nyumbani kwetu, ili hata wale walio mbali, upande wa Kabambare, wapate kukisoma au kusomewa. Tutasema “sisi” kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa maana hakuna mtu mmoja aliyemwokoa mtoto huyo. Na tutaanzia mbali kidogo, darasani, kwa wanyama wawili ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona kwa macho.

Tunafundisha darasa la nne. Tulitoka ISP na diploma, kichwani tukiwa na njia nyingi nzuri za kufundisha, lakini vifaa tulivyokuta shuleni vilikuwa ubao, chaki na mdomo wa mwalimu. Kwa hiyo ndugu mmoja anayekaa Ubelgiji alipotutumia boksi la kadi zenye picha za wanyama, tulilipokea kama watu wanaopokea mahari. Mchezo wake ni mwepesi: mtoto anavuta kadi mbili bila kuangalia, anasimama mbele ya wenzake, anasema wanyama hao wanafanana wapi na wanatofautiana wapi. Mbuzi na kuku, mamba na kenge, nyoka na mjusi: hapo kila mtoto ana la kusema, na kelele zinafika mpaka ofisi ya mkurugenzi.

Siku moja msichana mmoja, mdogo wa mwili lakini mkali wa maswali, akavuta kadi mbili. Moja iliandikwa raie, nyingine koala. Akaziangalia muda mrefu. Halafu akasema: “Mwalimu, huyu wa kwanza ni kikwembe kilichoanguka majini. Na huyu wa pili ni mzee aliyeamka sasa hivi.”

Darasa lilicheka, nasi tulicheka. Lakini tukiiangalia picha, mtoto alikuwa amesema kweli. Wa kwanza ni samaki bapa kama kitambaa, ana mkia mrefu kama kamba, mapezi yake yameenea pande zote na kupanda na kushuka kama nguo inayosukwasukwa na maji. Wa pili ana masikio makubwa ya manyoya, pua nyeusi kubwa, hana mkia, na amekumbatia mti kama mtu aliyechoka kuulizwa habari.

Kwa Kiswahili cha pwani samaki huyo anaitwa taa. Kicheko kikarudi tena, maana kwetu taa ni ile ya kuwasha usiku. Tukawaeleza watoto kwamba Kiswahili chetu kilikuja huku kwa miguu, pamoja na misafara iliyotoka pwani, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe wakati wa Tippu Tip. Safari ilikuwa ndefu, na maneno ya bahari hayakuwa na kazi huku msituni. Mengi yalibaki njiani. Wavuvi wetu wa Lualaba na wa Luama wanajua majina ya samaki wengi, lakini taa si mmoja wao. Watu wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wanamjua vizuri. Wanamkausha kwa chumvi na kumpika kwa nazi, kama sisi tunavyopika makayabu kwa mawese.

Halafu tukafanya kosa. Kwa kuwa picha ya koala ilifanana na kile kidoli ambacho watoto wa Ulaya hulala nacho, tukaliambia darasa kuwa koala ni aina ya dubu. Si kweli. Jioni tulikwenda mahali penye rezo, tukatumia unite zetu zote kusoma habari za wanyama hao wawili, na kesho yake tukasimama mbele ya watoto na kusema: jana mwalimu alikosea. Tunalisema hapa kwa sababu baadhi ya wazazi hutuuliza kwa nini tunawafundisha watoto kwamba mwalimu anaweza kukosea. Ndiyo hivyo, anaweza.

Tuliyoyasoma jioni ile ndiyo yaliyotusaidia baadaye, kwa hiyo tuyaseme polepole.

Taa ni ndugu wa papa. Hana mfupa hata mmoja. Mwili wake umeshikwa na gegedu, kitu kile kile kigumu-laini kilichomo katika sikio na pua ya mtu. Macho yake yako juu, mdomo wake uko chini, tumboni, kwa hiyo haoni anachokula. Hukitambua kwa harufu, na kwa vishimo vidogo usoni ambavyo vinasikia umeme mdogo unaotoka katika mwili wa kila kiumbe hai. Anakula kaa, kombe na minyoo ya mchangani. Mchana anapenda kujifukia mchangani akabaki macho tu, na hapo anavuta maji kwa matundu mawili yaliyo nyuma ya macho, ili asimeze mchanga. Mkiani ana mwiba wenye meno kama msumeno na sumu. Hatafuti ugomvi, lakini ukimkanyaga anapiga. Wavuvi wa pwani huburuza miguu majini ili akimbie kabla hawajamfikia, na aliyechomwa huweka mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, kwa sababu joto linavunja nguvu ya sumu. Mwaka 2006 Mwaustralia Steve Irwin, aliyejulikana duniani kwa filamu za mamba, alikufa baada ya mwiba wa taa kumchoma kifuani.

Koala naye anakaa Australia tu, upande wa mashariki na kusini-mashariki. Anakula majani ya mikaratusi, mti ule ule ambao wale kati yetu waliofika Bukavu wanaujua kwa harufu yake ya dawa. Majani hayo ni magumu, hayana nguvu nyingi, tena yana sumu. Kwa sababu hiyo koala analala saa 18 hadi 20 kwa siku, kazi ya tumbo imemaliza nguvu zake zote. (Mama mmoja wa kikundi aliposikia hilo aliuliza kama nafasi ya kuwa koala bado iko wazi.) Vidole vyake vina mistari kama vidole vyetu, hata akibonyeza wino alama yake inafanana na ya mtu. Mwaka 2022 serikali ya Australia iliwaandika koala wa Queensland, New South Wales na mji mkuu Canberra kati ya wanyama walio katika hatari ya kwisha, kwa sababu ya misitu kukatwa, moto na magonjwa.

Kufikia hapo darasa lilikuwa limeandika ubaoni tofauti nyingi: bahari na mti, magamba hakuna na manyoya yako, nyama na majani. Halafu yule msichana akauliza: “Na watoto wao?”

Sisi wanawake tungeanzia hapo. Lakini tulikuwa tumeanzia kwenye meno.

Taa hatagi mayai mchangani kama samaki tunaowajua. Mayai yake yanapasuka akiwa nayo tumboni, na watoto wanabaki humo. Kwanza wanakula kiini cha yai. Kikiisha, ukuta wa tumbo la mama unatoa maji mazito yenye mafuta, kama maziwa, na watoto wanayanywa humo humo ndani. Yaani taa ananyonyesha kabla ya kuzaa. Anazaa watoto wachache, na siku wanapotoka wamekamilika: mapezi, mkia, mwiba wake laini, akili ya kujifukia mchangani. Mama anakwenda zake. Hana kosa, kazi yake aliimaliza ndani.

Koala ni kinyume kabisa. Mimba yake inachukua siku kama 35 tu, na mtoto anayezaliwa ana urefu wa sentimita 2 hivi na uzito usiofika gramu moja. Punje ya haragi. Hana macho, hana manyoya, masikio hayajafunguka. Ana mikono tu na pua. Kwa mikono hiyo anapanda peke yake katika manyoya ya mama mpaka anaingia ndani ya mfuko wa ngozi tumboni, anakamata chuchu, na chuchu inavimba mdomoni mwake ili asianguke. Humo anakaa miezi sita hivi. Akianza kutoa kichwa nje, mama anampa chakula laini kinachotoka katika utumbo wake mwenyewe (watoto wa darasa walipiga makelele hapo, tukangoja wanyamaze), kwa sababu ndani yake mna vijidudu vinavyomwezesha mtoto kumeng'enya majani yale yenye sumu. Baadaye mtoto anapanda mgongoni, na huko anabebwa mpaka afikishe mwaka hivi.

Msichana akafikiri. Akauliza tena: “Basi mtoto wa koala anazaliwa kabla ya wakati?” Tukamjibu kwamba hapana, huo ndio wakati wake, ila nusu ya kazi ya tumbo inafanyika nje. Kengele ikalia, na tukadhani somo limekwisha.

Haukupita mwezi. Mke wa kaka yetu, wifi yetu, anayekaa kijijini upande wa barabara ya Kabambare, alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi alibeba mihogo kutoka shambani kama kawaida, mchana uchungu ukamkamata, usiku akazaa mtoto wa kiume. Walimpeleka kwenye kituo cha afya ambacho hatutakitaja. Huko wakaambiwa na mtu mmoja: “Huyu hajafika. Rudini naye nyumbani, msijichoshe.” Hakumpima. Hakumfunika hata kichwa.

Tumeyaandika maneno hayo jinsi yalivyosemwa kwetu. Tumeyarudia mara nyingi moyoni, na bado hatujapata mahali pa kuyaweka.

Wifi yetu hakurudi nyumbani. Alipanda pikipiki na mama mkwe wake nyuma yake, mtoto amefungwa ndani ya vikwembe vitatu, wakaja Kasongo. Walipofika hospitali mtoto alikuwa baridi kama samaki aliyetolewa majini asubuhi. Mizani ikasema kilo 1 na gramu 600. Kuveze ilikuwepo kwenye kona, imefunikwa kitambaa safi, lakini umeme haukuwepo, na mafuta ya jenereta yalikuwa ya chumba cha upasuaji.

Mkunga aliyekuwa zamu usiku ule hakusema neno juu ya kuveze. Alimvua mtoto nguo zote, akamwachia nepi na kofia na soksi. Akamwambia wifi yetu afungue kifua. Akamlaza mtoto katikati ya matiti, wima, ngozi juu ya ngozi, miguu imepanuka kama chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi. Akachukua kikwembe, akawafunga wote wawili kwa nguvu, fundo likiwa chini ya kwapa, ukingo wa juu wa nguo ukifika chini ya sikio la mtoto. Akasema: “Usimtoe. Usiku na mchana. Ukienda chooni, mpe mtu mwingine mwenye kifua chenye joto.”

Njia hiyo inaitwa mama kangaruu, na kangaruu ni ndugu wa koala. Wote wana mfuko. Ilianza mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Kolombia, ambapo daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi waliozaliwa mapema na kuveze chache, wakilazwa wawili au watatu ndani ya moja na kuambukizana magonjwa. Akawarudishia mama zao. Watu wengi walidhani ni dawa ya maskini, ya kutumiwa pale tu kuveze inapokosekana. Lakini mwaka 2021 yalitoka matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika hospitali za Ghana, Malawi, Naijeria, Tanzania na India. Watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie kwanza, walikufa wachache zaidi kuliko wale walioanza na kuveze. Katika kila vifo vinne, kimoja kiliepukwa. Mwaka uliofuata OMS, Shirika la Afya la Dunia, likashauri kwamba mtoto yeyote aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo aanzishwe hivyo mara moja, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Kwa hiyo kikwembe si cha kubahatisha.

Shida haikutoka hospitali. Ilitoka nyumbani.

Mama mkwe wa wifi yetu, ambaye ndiye mama yetu aliyetuzaa, ni mwanamke wa heshima, amezaa tisa na kuzika watatu. Asubuhi alipoona jinsi mtoto alivyofungwa, alikasirika. Mtoto anabebwa mgongoni, alisema. Mwanamke anayekaa kifua wazi mchana kutwa, na mtoto uchi, mbele ya watu wanaokuja kusalimia, huyo ni mama wa namna gani? Alitaka chupa za maji ya moto na blanketi, kama walivyofanya zamani. (Tusimame hapo kidogo: chupa za maji ya moto na mawe ya moto zinaunguza ngozi ya mtoto mdogo, na zikipoa zinamnyang'anya joto. Tumewaona watoto wenye makovu.) Halafu akatoa neno lililokuwa chini ya maneno mengine. Alisema tusimpe mtoto jina kwanza. Na alisema, si kwa sauti kubwa, lakini wifi yetu alisikia: “Tumbo lake halishiki.”

Wamama, tunajua sisi wote neno hilo linafanya nini. Mwanamke aliyezaa mtoto wa miezi saba anaonekana kama sufuria lenye tundu. Watu wanauliza alikula nini, alimkosea nani, alitembea wapi usiku. Wifi yetu alianza kumfungua mtoto kila mgeni alipoingia, na kumfunga tena mgeni alipotoka. Kila alipomfungua mtoto alipoa. Siku ya nne alikuwa ameshuka mpaka kilo 1 na gramu 500. Watoto wote hupungua kidogo siku za kwanza, mkunga alituambia, lakini huyu hakuwa na cha kupunguza.

Jioni ile tulikwenda hospitali tukitoka shuleni, boksi la kadi likiwa bado ndani ya mfuko. Hatukulipeleka kwa mpango wowote. Mama alikuwa amekaa nje juu ya mkeka akichambua sombe. Tukakaa naye, tukachambua pamoja. Halafu, kwa kuwa maneno ya hospitali aliyakataa na maneno ya diploma yetu hajawahi kuyapenda, tukatoa zile kadi mbili tukamwonyesha. Akamcheka taa. Akamwuliza koala kama ana homa.

Tukamweleza jinsi taa anavyomaliza kazi yote ndani na kuzaa mtoto aliyekamilika. Akakubali kwa kichwa: huyo ni mama. Tukamweleza jinsi koala anavyozaa punje ya haragi baada ya siku 35, na kazi iliyobaki akaifanya nje, ndani ya mfuko, miezi sita, bila kumwonyesha mtu. Akaacha kuchambua.

“Na huko kwao,” akauliza, “huyu wa haragi, wenzake wanamcheka?”

Tukasema hapana, mama.

“Kwa sababu ana mfuko.”

Kwa sababu ana mfuko. Sisi watu tuliumbwa karibu na taa kwa jambo hilo, tukamwambia. Tunategemea kumaliza ndani. Ikitokea mtoto ametoka kabla, mwanamke anajikuta na kazi ya koala lakini hana mfuko wa koala. Hapo ndipo kikwembe kinapoingia. Mtoto wa wifi hakuzaliwa nusu, bado yuko katika mimba, ila mimba imehamia nje, na imebaki miezi miwili. Hatujui kama tulisema vizuri hivyo. Pengine tuliboronga. Tuliongeza pia kwamba mfano huu una mwisho wake: mtoto wa koala ameumbwa kuzaliwa hivyo, mapafu ya mtoto wa mtu hayakuumbwa, na ndiyo maana hatutoki hospitali mpaka mkunga aseme.

Mama hakujibu. Alimaliza sombe yake. Usiku tulirudi nyumbani tukidhani tumeshindwa.

Asubuhi tulimkuta amekaa kwenye kiti cha wodi, mgongo wake umeegemea ukutani, amejifunga kikwembe mpaka shingoni. Wifi yetu alikuwa amelala usingizi, wa kwanza tangu azae. Ndani ya kikwembe cha mama, chini ya kidevu chake, kilionekana kikofia cheupe. Mgeni mmoja akaingia kusalimia na kushangaa. Mama akamwambia: “Usipige kelele, mimba yangu imelala.”

Kaka yetu alichukua siku mbili zaidi. Alisema kifua cha mwanamume hakina maziwa. Mkunga akamjibu kwamba hakuombwa maziwa, aliombwa joto. Siku hizi anajisifu kijijini kote, kana kwamba ndiye aliyevumbua.

Maziwa nayo yana kisa chake, maana mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya. Wifi alikamua kwa mkono, tukampa kwa kikombe kidogo, tone baada ya tone, kila saa mbili, usiku kucha. Yale maziwa ya kwanza ya njano, ambayo katika nyumba nyingi bado yanamwagwa eti ni machafu, hatukuacha hata tone. Ndiyo yanayomkinga mtoto tumboni. Tulipomkumbusha mama chakula kile cha ajabu ambacho koala anampa mtoto wake ili tumbo lizoee majani, alifanya uso, lakini hakumruhusu tena mtu yeyote kumwaga kitu.

Wanaotaka kujua mengine: wifi alilala ameinuliwa mgongo kwa mito, hakulala chali kabisa. Alitembea na mtoto, alikula na mtoto, alifua na mtoto kifuani. Dada na shangazi walipokezana. Tuliambiwa tumrudishe kwa mkunga mara moja kama akiacha kunyonya, kama miguu ikibaki baridi hata akiwa kifuani, kama akipumua haraka sana au akisahau kupumua, kama akigeuka njano. Mara moja alisahau kupumua. Wifi alihisi kifua chake kimenyamaza, akamsugua mgongo, akaanza tena. Kama angekuwa amelala peke yake ndani ya blanketi, nani angejua?

Siku ya 30 alikuwa na kilo 1 na gramu 900. Siku ya 58 alifika kilo mbili na nusu, na siku hizo hizo alianza kupiga mateke na kulia akifungwa. Mkunga akacheka: anakataa mfuko, mwacheni atoke. Ndipo mama akampa jina, la baba yake mwenyewe. Lakini watoto wa darasa la nne, ambao walikuwa wakituuliza habari zake kila asubuhi kabla ya sala, walikuwa wamempa la kwao, na hilo ndilo lililoshika. Anaitwa Koala hata na mwuza mkate.

Yule msichana wa kadi alikuja kumwangalia siku ya kwanza aliyofungwa mgongoni, kama watoto wengine. Alileta ndizi mbili kutoka kwa mama yake. Alimchunguza vidole kimoja kimoja. Halafu akatuita pembeni na kutuambia kwa sauti ndogo kwamba yeye pia alizaliwa miezi saba, kwamba mama yake hajawahi kumwambia mtu yeyote kikundini, na je, mama yake anaweza kuja Alhamisi.

Alikuja. Alikaa karibu na mlango.